Mashine ya mjomba haikufa, miguu tu ndiyo iliyochoka

Vidole vyangu hadi leo vinanuka gundi ya viatu, na nikikueleza sababu yake utacheka. Kina dada wenzangu mliozoea kusoma hapa habari za harusi, za michango na za wanaume wanaoazima hela wakasahau kurudisha, leo mnivumilie kidogo. Leo ni habari za mashine. Msikimbie jamani! Mashine nayo ina mambo yake, tena ukiichunguza vizuri utakuta haipishani sana na ndoa: ikianza kupiga kelele, watu wote wanakwambia achana nayo, chukua mpya, na hakuna hata mmoja aliyeifungua kuona inaumwa nini.

Nina mjomba wangu, kaka yake mama, ni seremala wa Keko hapa Dar es Salaam. Anayeijua Keko hahitaji maelezo. Asiyeijua aelewe kwamba ni pale kwenye vitanda, makabati na milango iliyopangwa mpaka pembezoni mwa barabara, mahali ambapo ukipita na gauni jeusi unatoka na gauni la kahawia kwa vumbi la mbao. Mjomba yuko pale tangu mimi sijazaliwa. Ana randa, ana msumeno wa mezani, na ana mashine moja ndogo ya msasa ambayo anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, msiniulize ni kina nani.

Mashine yenyewe ni ya kuweka juu ya meza. Inavalishwa mkanda wa msasa wenye upana wa inchi 4 na mzunguko wa inchi 36, unaopita kwenye magurudumu mawili. Moja ndilo la kuendesha, limeshikana na mota na limevikwa mpira. La pili ni la kufuata tu, la aluminiamu, linazunguka kwenye beringi zake, na ndilo lenye kitasa cha kuuelekeza mkanda kulia au kushoto. Katikati ya magurudumu hayo kuna sahani ya chuma, hapo ndipo unapokandamizia mbao yako. Rangi yake ilikuwa ya kijani, siku hizi ni ya kukisia. Ubavuni imeandikwa Taiwan, maandishi mengine yote yameliwa na mikono ya watu.

Sasa Desemba iliyopita mjomba alipata kazi ya viti 60 vya watoto wa chekechea. Kazi ya maana hiyo, malipo ya mwanzo ameshapokea na mbao ameshanunua, na si unajua tena shule zinafunguliwa Januari. Mwenye shule alikuwa na sharti moja, kwamba kila kona ya kiti iwe ya mviringo, isije ikamtoboa mtoto. Kwa mashine ya msasa hiyo si kazi, unapitisha kona kwenye mkanda, fyaa, imekwisha. Kwa mkono ndugu yangu utaomba poo.

Na mashine ikachagua wiki hiyo hiyo kugoma. Mota inazunguka vizuri, lakini ukiuvisha mkanda unakwenda pembeni, unakula ukingo wa chuma, unachanika kama kanga ya mnada. Kwa siku moja ilichana mikanda mitatu. Kitasa kile cha kuelekeza kikazungushwa hadi mwisho upande huu, kikazungushwa hadi mwisho upande ule, wapi! Juu ya hapo gurudumu la kufuata lilikuwa linanguruma kama paka aliyekanyagwa.

Ndipo akatokea dalali wa vyuma chakavu. Wale watu sijui wananusa wapi. Akaitazama mashine, akaipiga teke kidogo, akamwambia mjomba, “Mzee, hii imeshakufa. Nipe niipime kwa kilo, angalau upate hela ya kuanzia nyingine.” Mjomba akaniambia jioni ile nilipokwenda kumsalimia kwamba alikaribia kukubali. Mashine mpya alikwenda kuiulizia Kariakoo, akarudi kimya. Na mkewe, yaani shangazi yangu mkwe, alikuwa ameshaanza kuhesabu ile hela ya viti kwa ajili ya ada ya mtoto wao wa kidato cha tatu aliyeko bweni. Ukirudisha malipo ya mwanzo ya watu, ada inatoka wapi?

Kulikuwa na vijana wawili pale karakanani ambao hawakuwa na huzuni hata kidogo, na mimi niliwaelewa. Mashine ilipogoma wao ndio walipewa kazi ya kupiga msasa kwa mkono, wanalipwa kwa kiti. Nitarudi kwao.

Mimi ni mwandishi wa kuokoteza, msomaji wangu, elimu yangu ni ya kidato cha nne na fizikia sikuipenda. Lakini nina tabia ya kuuliza. Nikamwambia mjomba, “Shikamoo tena, mjomba. Hebu kabla hujaiuza tumpelekee fundi haya magurudumu ayaone.” Akaguna, maana binti kuingilia mambo ya karakana ni habari nyingine, lakini kesho yake tukaenda Gerezani.

Gerezani ukienda na kitu cha chuma hukosi mtu wa kukikereza, kukichomea au kukudanganya. Sisi tulimpata mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma, mtu wa maneno machache, miwani kaifunga kwa uzi. Alisikiliza habari ya mkanda unaotoka nje, akacheka, akauliza swali moja tu: “Gurudumu lake bado lina tumbo?”

Mimi na mjomba tukatazamana. Tumbo!

Akatueleza, na hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo somo taratibu. Gurudumu la mkanda wa namna hii halichongwi likawa sawasawa kama chupa. Linaachwa na uvimbe kidogo katikati, nusu milimita tu au zaidi kidogo kwa upana wa inchi 4, huwezi kuuona kwa macho bila kuutafuta. Ukiniuliza mimi ningesema mkanda ukipanda juu ya uvimbe utateleza ushuke pembeni, kama mtu anavyoteleza kwenye mlima wa tope. Kumbe ni kinyume chake! Mkanda unapenda kupanda. Ukisogea upande mmoja, ule ukingo ulio karibu na tumbo unakazwa zaidi kuliko ule ulio mbali, mkanda unapinda kidogo kuelekea katikati, na gurudumu linapozunguka kila kipande kinachofuata kinatua karibu zaidi na kilele kuliko kile kilichotangulia. Unapanda hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka unakaa juu katikati na kutulia. Hakuna ukuta wowote unaouzuia, ni lile tumbo tu.

Sasa fikiria vumbi la mbao na chembe za msasa zinazoingia chini ya mkanda miaka nenda rudi. Zinasaga gurudumu. Na zinasaga wapi zaidi? Pale palipokazwa zaidi, yaani pale pale kwenye tumbo. Tumbo linaisha, gurudumu linakuwa bapa, halafu linaendelea kuliwa mpaka katikati panakuwa na bonde. Hapo sehemu za juu zimekuwa ni zile kingo mbili. Na mkanda, kwa vile tabia yake ni kupanda, unapanda ukingo mmojawapo na kutoka nje. Mashine ya mjomba ilikuwa inatii sheria ile ile iliyoufanya mkanda ukae vizuri miaka yote, na tulikuwa tunaitukana bure.

Mzee akachukua rula ya chuma akailaza juu ya lile gurudumu la kufuata tulilokuja nalo, akaliinua kwenye mwanga. Mwanga ukapita katikati kama jua la mlangoni. Mjomba alisema neno ambalo mhariri wangu hataliruhusu.

Kipimo hicho cha rula mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani, hakina gharama. Chomoa waya kwenye umeme kwanza, tafadhali, usiniletee kesi. Vua mkanda. Laza rula juu ya gurudumu kwa upana wake, tazama mwanga unapita wapi. Ukipita kwenye kingo mbili na katikati rula imegusa, tumbo lipo, tafuta ugonjwa kwingine. Ukipita katikati, umeshampata mgonjwa. Halafu shika gurudumu la kufuata ulitikise. Likicheza ni beringi, au ni tundu la beringi. Ukisikia tuk, tuk, tuk mkanda unapozunguka, tazama kwanza kiungo cha mkanda kabla ya kulaumu gurudumu, maana kiungo kikiinuka kinagonga kila kinapopita kwenye sahani.

Kwa mjomba ugonjwa ulikuwa kila mahali. Beringi za gurudumu la kufuata ni namba 6202, maana yake tundu la milimita 15, nje 35, unene 11. Hizo hazina shida kuzipata, namba hiyo inatumika hadi kwenye pikipiki. Shida ni kwamba beringi moja ilikuwa imeshika kwa kukosa grisi, ikaanza kuzunguka yote kwa ujumla ndani ya nyumba yake, ikalitanua tundu. Kijana mmoja karakanani alishawahi kuliziba kwa kipande cha kopo la soda. Mzee wa Gerezani alikitoa kile kipande kwa ncha ya kisu, akakiweka juu ya meza mbele ya mjomba kama daktari anayekuonyesha jino lako. Hakusema kitu.

Akachukua pande la aluminiamu akakereza gurudumu jipya. Mimi nilisimama pale kama saa moja na nusu natazama zile nyuzi za fedha zinavyojikunja na kuanguka, na sioni aibu kusema kwamba ni burudani kuliko sinema nyingi. Tundu la beringi alilifanya la kubana, beringi iingie kwa kusukumwa. Nje akapima milimita 65 katikati na 64 kwenye kingo, kwa hiyo tumbo la nusu milimita kila upande. Nikamwuliza, “Babu, kwa nini usiongeze tumbo likawa kubwa, mkanda ushike vizuri zaidi?” Akasema tumbo likizidi, mkanda unavutwa katikati tu, kingo zinalegea, na mbao yako itatoka na mfereji. Akaweka beringi zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili, zile zinazoandikwa 2RS, kwa sababu beringi ya wazi kwenye vumbi la msasa haiishi. Gurudumu, beringi mbili na ufundi, shilingi 60,000. Mashine mpya aliyoiulizia mjomba ilikuwa zaidi ya mara kumi ya hapo.

Gurudumu la kuendesha ilibidi tulishughulikie wenyewe karakanani, maana limekaa kwenye shafti ya mota na mota haibebeki kwenye daladala. Hapa pana jambo. Vijana walishachukua nyundo. Mjomba akawazuia, kwa sababu mzee alishamwonya kwamba ukiligonga gurudumu nguvu yote inakwenda kwenye beringi za mota, na gurudumu lenyewe likiwa la chuma cha kumimina linapasuka kama sahani. Tukakwangua uchafu uliogandamana kwenye shingo yake, na chini ya uchafu tukakuta skrubu ndogo isiyo na kichwa imejificha, ndiyo iliyolishikilia. Wangepiga nyundo mpaka Krismasi! Tukailegeza, tukatia mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha ilale. Asubuhi tukaazima kivutio cha beringi kwa fundi magari wa jirani, kile chenye makucha matatu, na gurudumu likatoka taratibu, bila kelele.

Yule dalali akapita siku hiyo hiyo. Kuiona mashine imefunguliwa vipande vipande, uso ukamnawiri. Akauliza, “Mzee, nije na mizani?” Mjomba akamwambia njoo nayo. Alipokuja akakabidhiwa lile gurudumu kuukuu la aluminiamu, kama nusu kilo hivi. Karakana nzima ilianguka kwa kicheko, naye akalipa, biashara ni biashara.

Mpira wa gurudumu la kuendesha ulikuwa umekauka, mgumu kama kandambili ya jangwani, una nyufa na unang'aa. Mpira ukishang'aa hivyo haushiki mkanda, unateleza, na mota inafanya kazi ya bure. Tuliukata wote kwa kisu hadi kwenye chuma, tukapiga msasa chuma kiwe na mikwaruzo, tukafuta kwa tina. Chuma kilichobaki kilikuwa na kipenyo cha milimita 59. Mpira wa zamani ulipokuwa mpya ulikuwa wa milimita 3, jumla 65. Mpira wa kiwandani hatukuupata, na mimi ndiye niliyeleta wazo la tyubu ya lori, nimeliona kwa wale wanaoshona viatu. Fundi pancha akatupa kipande bure.

Tyubu ile ilikuwa na unene kama wa milimita 2, tukaizungusha mara mbili. Sasa usiifunge hovyo kama kitenge. Mwanzo na mwisho wa ukanda tuliukata mshazari, si wima, ili kiungo kisiwe na kigongo kinachogonga kila mzunguko. Na ncha ya mwisho tuliielekeza ili mkanda upite ukiilaza. Ukiielekeza kinyume mkanda utaibandua. Gundi ile ya viatu inapakwa pande zote mbili, kwenye chuma na kwenye mpira, halafu unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole hainati, ndipo unakutanisha. Vidole vyangu ndiyo vilifanya kazi hiyo, vijana walidai wana mikono minene. Tukaikaza kwa vipande vyembamba vya tyubu kama tunavyofunga mzigo kwenye baiskeli, tukaiacha siku nzima na usiku wake.

Kwa hiyo tuna gurudumu la milimita 67, nene, na bapa. Wengine hapo wangevisha mkanda waendelee. Lakini kila milimita 1 ya unene unaoongeza ni milimita 2 za kipenyo, mkanda unakwenda kasi kwa kama asilimia 3 zaidi na unadai nafasi zaidi kwenye springi ya kukazia. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba gurudumu halina tumbo. Dawa yake ni kuifanya mashine ijichonge yenyewe. Tukalirudisha gurudumu kwenye shafti, tukaacha kuvisha mkanda, tukabandika msasa mgumu wa namba 60 kwenye ubao ulionyooka, tukatengeneza kiegemeo cha mbao kilichokazwa kwenye meza, tukawasha mota. Mjomba akawa anausogeza ubao kidogo kidogo, anagusa, anaachia. Anapunguza zaidi kwenye kingo, katikati anagusa kwa huruma. Ukikandamiza, mpira unapata moto na gundi inaachia. Anazima, anapima, anawasha tena. Alikaa hivyo karibu saa nzima, miwani machoni, pua kaifunga, karakana inanuka kama tairi la maandamano, na mimi nimekatazwa kusogea kwa sababu ya mtandio wangu. Alikuwa na haki. Kitambaa kinachoning'inia na shafti inayozunguka mara 1,450 kwa dakika havikai pamoja.

Akaishia 65 katikati na 64 na kitu kwenye kingo. Rula ikalazwa, mwanga ukapita pembeni tu.

Kuvisha mkanda mpya nako kuna adabu yake. Ndani ya mkanda kuna mshale, unaonyesha uelekeo wa kuzunguka. Ukivalishwa kinyume kwenye mikanda yenye kiungo cha kulaliana, kiungo kinaanza kubanduka. Ukishauvisha usikimbilie swichi, zungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa utazame unakwenda wapi, sahihisha kwa kitasa kwa robo robo mzunguko, halafu washa na uzime mara moja, tazama tena. Mjomba aliwasha. Mkanda ukayumba kushoto kidogo, ukarudi, ukatulia katikati. Gurudumu la milimita 65 kwa mizunguko ile linaupitisha mkanda karibu mita 300 kwa dakika, na ulikuwa umetulia kiasi kwamba ungedhani umesimama. Mjomba hakusema chochote. Alichukua kiti kimoja, akakizungusha kona nne, akakipapasa, akaniita, “Mwanangu, pitisha mkono hapa.”

Hapa nitoke pembeni kidogo, maana jambo hili linaniuma. Mashine hii ikifanya kazi vizuri ndipo inapotoa vumbi zaidi, tena lile laini lisiloonekana. Mwaka 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Na bado hujataja pumu: mninga na mvule, hizo mbao zetu nzuri tunazozipenda, vumbi lake linawakera watu pua na kifua. Pale Keko unakuta kijana kajifunga fulana puani, anaona amemaliza. Afadhali barakoa ya vumbi ya kweli, afadhali mashine ikae penye upepo unaotoka. Na jingine: msinolee mapanga kwenye mashine ile ile iliyojaa unga wa mbao. Cheche moja ikiangukia kwenye lile rundo chini ya meza, linafukuta kimya kimya mkishafunga karakana.

Haya, sasa wale vijana wawili. Mashine ilipopona, mmoja alinifuata nje akaniambia kwa upole kabisa, “Dada, nyie mmetengeneza mashine, sisi mmetuharibia.” Nilikosa jibu la haraka. Walikuwa wanalipwa kwa kiti, viti 60, na kila kiti kingewachukua zaidi ya saa. Nikaenda kumwambia mjomba. Mwanzoni akang'aka, akasema karakana si ya ukoo wao. Lakini yeye mwenyewe anajua kwamba mkanda wa namba 80 unaacha mikwaruzo, na ukipaka vanishi bila kuifuta kwa mkono, kwa kufuata nyuzi za mbao, msasa wa 120 halafu 180, mikwaruzo yote inajitokeza kama makovu. Kazi ya mkono haijaisha, imepungua tu. Wakakaa wakaongea. Mmoja akawekwa kwenye mashine, wa pili akabaki na kazi ya kumalizia, na malipo ya kiti yakashuka. Wao wakadai wakubaliwe kabla kwamba kazi inayofuata pia ni yao. Mjomba akakubali mbele yangu, mimi ndiye shahidi.

Je, walipata haki yao yote? Mimi naona mjomba angeweza kuongeza kidogo, na nimemwambia hivyo, na ananisoma hapa kila wiki kwa hiyo ataliona tena. Yeye anasema ngoja nifungue karakana yangu ndipo nitajua.

Viti vilitoka siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, ada ya binamu yangu ikalipwa. Mashine bado iko pale mezani, na mikanda ya akiba mjomba ameitundika kwenye kigogo kinene badala ya msumari, maana msumari unaipa kikunjo, na mbali na ukuta unaotoa unyevu, maana joto la Dar na unyevu wake vinalegeza gundi ya viungo. Yule kijana wa mashine kila asubuhi anailaza rula juu ya magurudumu kabla ya kuwasha, hata kama hakuna aliyemtuma.

Wiki ijayo narudi kwenye mambo yetu, kina dada. Kuna mtu amekodisha gauni la harusi na harusi ikaahirishwa, na mwenye gauni anataka hela yake. Tukutane hapa hapa.